Usijifungie nje: kuingia kwenye swichi na kuisimamia

Amri iliyonipandisha basi la alfajiri kutoka Mtwara mjini kwenda Masasi ilikuwa na maneno matano. Ilitakiwa iwe na sita. Ilikuwa saa tisa mchana, niko nyumbani Chuno, nimeingia kwa mbali kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) ya ghala moja la korosho ili niongeze VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, kwa ajili ya kamera. Nikaandika:

`switchport trunk allowed vlan 30`

Nikabonyeza Enter, skrini ikaganda. Neno lililokosekana ni `add`, linalokaa kabla ya namba. Ukiliacha, swichi haiongezi VLAN 30 kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kupita. Inafuta orodha nzima na kubakiza 30 peke yake. Ofisi ikakatika, kompyuta ya mizani ikakatika, na VLAN niliyoingilia mimi mwenyewe ikakatika vilevile. Haikupita nusu saa mtunza ghala akapiga.

"Mwanangu, huku mashine hazisomi, na malori mawili yako getini."

"Shikamoo mzee. Naomba uzime ile swichi, uhesabu mpaka kumi, uiwashe tena."

"Marahaba. Kabati limefungwa."

Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuwa nimehifadhi ile amri, kwa hiyo kuzima na kuwasha tu kungeirudisha swichi kama ilivyokuwa asubuhi. Kazi ya sekunde kumi ikawa safari ya karibu kilomita 200, kwenda, na nyingine ya kurudi.

Mwongozo huu nauandika kwa vijana wanaoshika mitandao ya maofisi, shule, hoteli na maghala huku Kusini, wengi wao wakiwa peke yao, bila mkubwa wa kumuuliza. Nitaonyesha namna ya kuingia kwenye swichi kwa mara ya kwanza, namna ya kuiwekea njia salama ya kuingilia baadaye, na namna ya kufanya mabadiliko bila kubaki nje ya mlango. Mifano mingi ni ya Cisco Catalyst, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo zaidi, nyingi zikiwa zimeshatumika mahali pengine kabla ya kufika huku. Njia zenyewe zinafanana kwa swichi nyingi, hata pale amri zinapotofautiana.

Kwanza, ijue swichi uliyonayo

Swichi ndogo za poti tano au nane zinazouzwa madukani nyingi hazina cha kusimamia. Unachomeka, taa zinawaka, unaondoka. Usipoteze mchana mzima kutafuta anwani yake ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Haina.

Kundi la pili ni zile zinazosimamiwa kwa kivinjari tu. Hizi zina ukurasa wa kuingilia, VLAN za kawaida, na mara nyingi hazina poti ya konsoli, ile ya kuchomeka laptopu moja kwa moja na kuandika amri. Kundi la tatu ndilo lenye kila kitu: konsoli, SSH (njia ya kuingia kwa mbali kwa usimbaji), ukurasa wa wavuti, na amri za kuandika. Angalia nyuma au ubavuni. Ukiona tundu limeandikwa CONSOLE, mara nyingi likiwa na mstari wa bluu, uko kundi la tatu.

Tundu hilo lina umbo lilelile la poti ya mtandao, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanachomeka kebo ya kawaida ya mtandao kutoka kwenye laptopu, wanasubiri, wanasema swichi imekufa. Konsoli si poti ya mtandao. Inazungumza kwa mfululizo, herufi moja baada ya nyingine, kwa lugha ya zamani ya modemu.

Konsoli, mlango wa uani

Nyumba zetu za pwani zina mlango wa mbele na mlango wa uani. SSH na ukurasa wa wavuti ni mlango wa mbele: mtandao ukiwa mzima unapita, ukiharibika unabaki barazani. Konsoli ni ule wa uani. Haihitaji IP, haijali VLAN, haijali kama umefunga poti zote kwa bahati mbaya. Ilimradi swichi ina umeme na wewe umesimama mbele yake, unaingia. Kwa hiyo anza na konsoli kila mara, hata kama muuzaji amekwambia "iko tayari, weka tu".

Unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kebo ya konsoli, ile bapa ya rangi ya samawati, upande mmoja kichwa cha RJ45, kama cha kebo ya mtandao, na upande wa pili kichwa cha pini tisa. Cha pili ni adapta ya kutoka pini tisa kwenda USB, maana laptopu za siku hizi hazina tena tundu la pini tisa. Ziko pia kebo zilizounganisha vyote viwili, USB upande huu na RJ45 upande ule. Ukipata hiyo, nunua. Vitu vya kusahau nyumbani vinapungua kimoja.

Ndani ya adapta kuna chipu, na chipu ndiyo inayoamua kama utalala mapema. Za FTDI sijawahi kuona zikinisumbua. Za CH340 ni za bei ndogo na zinafanya kazi vizuri ukishaweka draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Za Prolific PL2303 zina kasoro moja: soko limejaa za kughushi, na draiva mpya za Prolific zinazitambua na kuzikataa. Ukichomeka adapta, Windows ikaonyesha alama ya njano na maneno Code 10, mara nyingi umebeba ya kughushi. Dawa ni kurudisha draiva ya zamani au kununua adapta nyingine. Mimi nilishanunua mbili za aina hiyo kabla sijajifunza kuuliza chipu kabla ya kuuliza bei.

Ukikosa kebo ya samawati na una kibanio na kipande cha waya, itengeneze mwenyewe. Upande wa kwanza panga rangi kama kawaida: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili zipange kinyumenyume, kuanzia kahawia hadi nyeupe-chungwa. Pini ya 1 inakwenda kwa ya 8, ya 2 kwa ya 7, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utahitaji bado kile kichwa cha kugeuza RJ45 kuwa pini tisa, lakini hicho unaweza kukipata kwenye sanduku la vifaa vya zamani la ofisi yoyote.

Kabla hujachomeka, chungulia ndani ya tundu la konsoli kwa tochi ya simu. Swichi zilizokaa karibu na bahari, kwenye majengo ya Shangani au Mikindani ambako madirisha hushinda wazi, hupata chumvi. Nimewahi kukuta pini zimeota ukijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Zima swichi, lowesha mswaki mkavu kwa spiriti kidogo, sugua taratibu, acha ikauke kabisa. Ukichomeka juu ya ule ukijani utapata herufi nusu na utailaumu laptopu.

Sasa chomeka. Kwenye Windows fungua orodha ya vifaa, angalia sehemu ya Ports, utaona kitu kama COM5. Namba hiyo hubadilika ukihamisha adapta kwenda tundu jingine la USB, kwa hiyo usiikariri. Fungua PuTTY (programu ya kuandikia amri), chagua Serial, andika COM5, kasi 9600. Kisha ingia sehemu ya Serial chini kushoto uhakikishe: biti za data 8, biti ya kusimamisha 1, Parity None, Flow control None. Bonyeza Open. Dirisha jeusi litafunguka bila kitu. Bonyeza Enter mara mbili tatu.

Kwenye Linux ni mstari mmoja:

`sudo screen /dev/ttyUSB0 9600`

Kutoka, bonyeza Ctrl+A kisha K. Kama hutaki kuandika sudo kila mara, jiongeze kwenye kundi la `dialout`. Kwenye Mac ni vilevile, ila jina la kifaa linaanza na `/dev/cu.usbserial`. Na siku laptopu imeisha chaji, simu ya Android yenye kukubali OTG (kuchomekewa vifaa vya USB) na programu ya konsoli inatosha kabisa. Nilishawahi kurekebisha swichi nzima kwa kidole gumba, nikiwa nimechuchumaa. Sipendekezi, lakini inawezekana.

Ikigoma, dalili zenyewe zinakuambia tatizo. Herufi za ajabu, alama za kuuliza na visanduku, maana yake kasi si sahihi. Jaribu 115200, MikroTik na baadhi ya chapa nyingine hutumia hiyo. Unaona maandishi lakini ukiandika hakuna kinachotokea? Flow control haijawekwa None. Skrini tupu kabisa: kebo si ya konsoli, au namba ya COM siyo, au dirisha jingine la PuTTY limeishika. Kuna nyingine ya kuchekesha: Catalyst nyingi zina konsoli ya pili ya USB ndogo, na kebo ikiwa imechomekwa pale na upande wa pili kwenye kompyuta iliyowashwa, ile ya RJ45 haipokei unachoandika. Kama fundi aliyetangulia aliacha kebo yake kwenye kompyuta ya pale, utasugua pini mpaka jioni.

Mpangilio wa kwanza

Swichi mpya au iliyosafishwa itakuuliza kama unataka kupitia maswali ya kuanzia. Andika `no`. Maswali yale yanachosha na hayamalizi kazi. Utaona `Switch>`. Alama ya `>` ina maana unaangalia tu. Ukiandika `enable` inakuwa `#`, na hapo una mamlaka yote. Kisha:

```
configure terminal
hostname GHALA-SW1
no ip domain-lookup
enable secret NywilaNdefuYakoHapa
username fundi privilege 15 secret NyingineTofauti
```

Usidharau `hostname`. Ukishakuwa na swichi sita zote zinaitwa Switch, siku moja utazima poti kwenye ile isiyohusika. Na `no ip domain-lookup` inakuokoa na ule ugonjwa wa kukosea herufi ya amri, swichi ikafikiri umeandika jina la mtandaoni, ikaanza kulitafuta huku wewe umekaa unaitazama. Ikikukuta kabla hujaiweka, Ctrl+Shift+6 inaikatiza.

Sasa anwani. Swichi ya kawaida haihitaji IP ili kupitisha mawasiliano ya watu. IP unayoiwekea ni ya kwako wewe, ya kuingilia. Ndiyo maana inafaa ikae kwenye VLAN yake, mbali na kompyuta za ofisi na mbali zaidi na Wi-Fi ya wageni. Mimi hutumia VLAN 99, wewe tumia unayopenda ila si 1:

```
vlan 99
 name USIMAMIZI
 exit
interface vlan 99
 ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
 no shutdown
 exit
ip default-gateway 192.168.99.1
```

Bila `ip default-gateway` utaingia ukiwa chumba kilekile, halafu ukifika nyumbani utashangaa swichi haijibu. Haijui njia ya kukurudishia majibu.

Kisha tenga poti moja kwa ajili ya laptopu yako, iwe ya mwisho ili uikumbuke:

```
interface gigabitethernet0/24
 description POTI-YA-FUNDI
 switchport mode access
 switchport access vlan 99
```

Jina la intafesi (poti, au VLAN yenye IP, ndani ya amri) linategemea swichi yako, `show ip interface brief` itakuonyesha yote. Hapo hapo utaona jambo linalowasumbua wengi: VLAN 99 imeandikwa `down` ingawa umeandika `no shutdown`. Intafesi ya VLAN haiamki mpaka kuwe na walau poti moja hai ndani yake, au tranki, yaani poti inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja, inayoibeba. Chomeka laptopu kwenye poti ya 24 na itaamka.

SSH, na kuiacha telnet

Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, hupeleka nywila yako wazi kwenye waya, herufi kwa herufi, na yeyote aliye katikati anaisoma. Mafundi wengi bado wanaitumia kwa sababu haina maandalizi. Maandalizi ya SSH ni dakika mbili:

```
ip domain-name ghala.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
line vty 0 15
 transport input ssh
 login local
 exec-timeout 10 0
 exit
line console 0
 login local
 logging synchronous
```

Kama amri ya `crypto` imekataliwa, angalia `show version`. Jina la fimwea (programu inayoendesha swichi) lisipokuwa na `k9` ndani yake, haina usimbaji, na itabidi ubadilishe fimwea au uendelee kwa konsoli. `logging synchronous` haihusiani na usalama; inazuia ujumbe wa swichi kukatiza sentensi unayoiandika. Ni adabu tu, lakini utaishukuru.

Ipe laptopu IP ya mkono, 192.168.99.10, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, chomeka kwenye poti ya 24, jaribu `ping 192.168.99.2`, halafu:

`ssh fundi@192.168.99.2`

Swichi za zamani zitakukatalia, au tuseme laptopu yako ndiyo itazikataa: programu mpya za SSH zimeacha njia dhaifu ambazo swichi hizo ndizo pekee zinazozijua. Ukiona maneno `no matching key exchange method found`, ongeza:

`ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group14-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa fundi@192.168.99.2`

Swichi ikiwa ya zamani zaidi, ujumbe wa makosa wenyewe utakutajia njia inazozijua, nawe utaziongeza kwa mtindo huohuo.

Hatua ya ziada ni kuruhusu VLAN ya usimamizi peke yake iguse mlango huo:

```
access-list 10 permit 192.168.99.0 0.0.0.255
line vty 0 15
 access-class 10 in
```

Hii iandike ukiwa kwenye konsoli. Au, kama uko kwa SSH, usifunge dirisha ulilonalo mpaka umefungua la pili na limekubali kuingia. Dirisha lililokwisha kufunguka halikatwi na orodha mpya, lile jipya ndilo linalopimwa. Mtu aliyefunga la kwanza kwa kujiamini ndiye atakayetafuta kebo ya samawati.

Zile za kivinjari, na MikroTik

Hapa kazi ni ya kitabu. Kila chapa ina anwani yake ya kiwandani: TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, Netgear 192.168.0.239, Cisco ndogo za ofisi 192.168.1.254, D-Link 10.90.90.90. Ipe laptopu anwani ya familia hiyohiyo, zima Wi-Fi, chomeka kebo moja tu kati ya laptopu na swichi, fungua kivinjari. Kuzima Wi-Fi si mapambo. Ruta nyingi za nyumbani nazo zinaishi kwenye 192.168.0.1, na nimeona mtu akibadilisha nywila ya ruta ya jirani yake wa ofisi akidhani yuko ndani ya swichi. Kisha badilisha nywila ya kiwandani kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kuangalia taa.

Baadhi ya swichi huacha anwani ya kiwandani zikikuta ruta inayogawa IP. Hapo nenda kwenye orodha ya IP zilizogawiwa na ruta, utalikuta jina la swichi. Kama imeunganishwa na Cisco nyingine uliyoingia tayari, `show cdp neighbors detail` itakutajia jirani na anwani yake.

MikroTik nimeipenda kwa jambo moja: programu ya Winbox, kwenye kichupo cha Neighbors, inakuonyesha kifaa hata kama hakina IP inayoeleweka, na unaingia kwa kubonyeza anwani yake ya MAC, namba ya kiwandani ya kifaa. IP ya kiwandani ni 192.168.88.1, jina ni admin. Vifaa vya zamani havina nywila, vipya vina nywila iliyobandikwa kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe. Piga picha kibandiko hicho kabla hujakifunga ukutani.

Kufanya mabadiliko ukiwa mbali

Sasa tunarudi Masasi. Baada ya ile safari nilijifunza amri ambayo ningetakiwa kuijua siku nyingi. Kabla hujagusa kitu chochote kinachoweza kukukata, yaani tranki, VLAN ya usimamizi, IP, orodha za ruhusa, fanya hivi:

```
copy running-config startup-config
reload in 10
```

Umeihifadhi hali nzuri, kisha umeiambia swichi ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Fanya badiliko lako. Ukikatika, kunywa maji, subiri. Dakika kumi zikifika swichi itaanza upya na kurudi kwenye ile hali nzuri, kwa sababu badiliko baya halikuhifadhiwa. Ukiona mambo yako sawa:

`reload cancel`

na ndipo uhifadhi tena. Usisahau `reload cancel`. Nilishaisahau mara moja, nikahifadhi, nikaenda zangu sokoni kutafuta ngisi, swichi ikajizima katikati ya saa za kazi. Haikuharibu chochote isipokuwa heshima yangu.

MikroTik wana kitu hicho kikiwa tayari: kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox, au Ctrl+X kwenye dirisha la amri. Ukikatika ukiwa ndani yake, mabadiliko yanajifuta yenyewe.

Na ile amri ya tranki, sasa hivi naiandika polepole kama mtu anayesaini hundi:

```
show interfaces trunk
configure terminal
interface gigabitethernet0/1
 switchport trunk allowed vlan add 30
```

Angalia kwanza, ongeza baadaye, angalia tena. Na kabla ya kubonyeza Enter, hakikisha uko kwenye intafesi unayoidhania. Amri sahihi kwenye poti isiyo sahihi nayo ina nauli yake.

Umeme, na kuhifadhi

Kila unachoandika kwenye Cisco kinafanya kazi papo hapo lakini kinakaa kwenye kumbukumbu inayopotea. Mtu wa mahali ambako umeme haukatiki anaweza kusahau `copy running-config startup-config` kwa wiki nzima. Huku kwetu ukisahau leo, kesho asubuhi utaulizwa kwa nini mtandao umerudi ulivyokuwa mwezi uliopita. `write memory`, au kwa kifupi `wr`, inafanya kazi ileile na vidole vinaizoea haraka.

Toa na nakala nje ya swichi. Njia rahisi isiyohitaji seva yoyote: washa kurekodi kwenye PuTTY, andika `terminal length 0`, kisha `show running-config`. Maandishi yote yanaingia kwenye faili. Lipe jina la swichi na tarehe. Siku radi imeunguza swichi na umeletewa nyingine, faili hilo ni tofauti ya saa moja na siku mbili. Ila lina nywila na siri nyingine ndani yake, kwa hiyo si la kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Nywila zimepotea

Umerithi swichi, fundi wa zamani yuko Dar na hapokei simu. Kwenye Catalyst 2960 na ndugu zake: unganisha konsoli, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha Mode mbele ya swichi, chomeka umeme huku umekishikilia, kiachie ukiona `switch:` kwenye skrini. Halafu:

```
flash_init
rename flash:config.text flash:config.zamani
boot
```

Swichi itawaka kana kwamba ni mpya. Kataa maswali, andika `enable`, kisha rudisha mipangilio:

```
rename flash:config.zamani flash:config.text
copy flash:config.text system:running-config
```

Uko ndani ukiwa na mamlaka, na mipangilio yote ya zamani ipo. Badilisha `enable secret` na majina ya watumiaji, hakikisha intafesi za VLAN hazijabaki zimezimwa, hifadhi. Fanya hivi jioni watu wakishatoka, kwa maana mtandao utakatika kwa dakika kadhaa. Na umwone mwenye ofisi kwanza. Kushika kitufe kile ni kuvunja mlango, hata kama mlango ni wa kazi yako.

Utagundua pia maana yake nyingine: yeyote anayeweza kuifikia swichi kwa mkono anaweza kuingia. Kwa hiyo kabati linafungwa.

Kuingia ukiwa mji mwingine

Usiiweke swichi wazi kwenye intaneti. Si poti ya 22, wala ya 23, wala ukurasa wake wa wavuti. Ingia kwanza kwenye ruta ya pale kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, halafu kutoka hapo ndiyo uende kwenye VLAN 99. WireGuard imo ndani ya MikroTik kuanzia RouterOS 7 na ni nyepesi hata kwa laini ya simu. Laini za simu mara nyingi hazikupi anwani ya umma, kwa hiyo acha ruta ya ghalani ndiyo ipige hodi kwako, kwenye seva ndogo au ruta yenye anwani ya umma, badala ya wewe kuitafuta yenyewe.

Ukiwa ndani, kazi nyingi za kila siku ni kuangalia tu. `show interfaces status` inakuonyesha poti zipi ziko hai. `show mac address-table` inakuambia kifaa kipi kiko poti ipi. Mtunza ghala akisema mashine ya mizani haifanyi kazi, natafuta MAC yake; nikiiona kwenye poti, tatizo ni kompyuta; nisipoiona na poti imezimika, namwomba aangalie waya. Mara nyingi ni panya.

Pale Masasi, kabati bado linafungwa. Lakini ufunguo wa pili uko ndani ya bahasha iliyobanwa kwa gundi, kwenye droo ya mzee wa ghala, na kwenye bahasha kuna sahihi yangu juu ya mkunjo. Ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi yenye jina la swichi, IP ya usimamizi, namba ya poti ya fundi, na kasi ya konsoli. Nywila haimo. Chini yake, kwa kalamu ya wino mzito, mzee ameongeza mstari wake mwenyewe: "Zima. Hesabu 10. Washa."